Kiongozi wa Okestra: Kazi Yake, Historia Yake na Jina Lake kwa Kiswahili

Katika okestra kubwa ya Ulaya huketi wapigaji themanini hata mia moja, na kila mmoja wao ana ala mkononi: fidla ndogo na kubwa, filimbi, zumari, tarumbeta, pembe na ngoma. Mbele yao husimama mtu mmoja asiye na ala yoyote. Hapigi, haimbi, wala hatoi sauti inayokusudiwa kusikika na wasikilizaji. Walakini jina lake hutangazwa mbele ya majina yote, na watu husema kwamba muziki ule ni wake. Jambo hili limewashangaza wengi, hata huko Ulaya kwenyewe, na kwa msomaji wa Kiswahili lina ugumu wa pili: mtu huyu hana jina thabiti katika lugha.

Ala zenyewe hazikuleta taabu. Kiswahili kimekwisha kupokea piano, gitaa, bendi, kwaya na okestra bila ya kusita, na fidla ina umri mrefu katika taarabu. Neno ambalo lingaliweza kufuata njia hiyo hiyo ni kondakta. Lakini neno hilo lilishikwa mapema na mtu mwingine, naye ni yule atozaye nauli katika basi. Mwandishi atakayesema kwamba kondakta aliinua mkono na watu wote wakanyamaza ataeleweka, Dar es Salaam na Mombasa pia, kuwa asimulia habari za safari.

Hapo ndipo swali la istilahi linapogeuka kuwa swali la maana, kwani haiwezekani kumchagulia mtu jina kabla ya kujua afanya kazi gani. Makala hii yaeleza kwanza kazi ya mtu huyu; kisha yasimulia jinsi cheo chake kilivyozaliwa na kukua; kisha yawatazama vijana wanaokishika leo; na mwishoni yapima majina ambayo Kiswahili chaweza kumpa.

Kazi yenyewe

Wengi hudhani kwamba kazi yake ni kuhesabu. Kwa desturi mkono wa kulia hushika kijiti chembamba na kuonyesha mapigo: pigo la kwanza daima hushuka, la mwisho hupanda, na yaliyo kati huelekea kando kwa mpango unaojulikana na wapigaji wa nchi zote. Mkono wa kushoto huonyesha sauti ikue au ipungue, na huwaashiria waliokaa kimya kwa muda mrefu kwamba zamu yao imewadia. Mpiga tarumbeta aweza kungoja dakika nyingi kabla ya nota yake moja; jicho la kiongozi likimfikia kwa wakati, huingia bila ya hofu.

Haja ya mapigo haya ina sababu ya kimaumbile. Sauti husafiri hewani kwa mwendo wa kadiri ya mita 340 kwa sekunde. Jukwaa likiwa na upana wa mita 17, sauti ya mpigaji wa upande mmoja humfikia mwenziwe wa upande wa pili ikiwa imechelewa sehemu moja ya ishirini ya sekunde. Kuchelewa huku ni kudogo, lakini katika muziki wa mbio kwatosha kuwatenganisha, hasa ikiwa kila mmoja amngojea mwenziwe kwa sikio. Nuru haina kuchelewa kwa namna hiyo. Kwa hiyo mia moja wakiutazama mkono mmoja, waweza kukutana mahali ambapo masikio peke yake yangewapoteza.

Walakini kuhesabu ni mwanzo tu, na mfano mmoja watosha kuonyesha yaliyozidi hapo. Simfoni ya tano ya Beethoven, iliyosikika mara ya kwanza Vienna mwaka 1808, huanza kwa nota nne, tatu fupi na moja ndefu, zijulikanazo hata na watu wasiopenda muziki wa namna hiyo. Wachache hujua kwamba kabla ya nota ya kwanza pana kimya kilichoandikwa kitabuni, nacho urefu wake ni sawa na nota moja katika zile tatu fupi. Pigo la kiongozi huangukia juu ya kimya hicho, na nota hufuata mara moja baada yake. Mpigaji akingoja asikie mwenziwe ndipo aanze, amekwisha kuchelewa. Hapana budi basi kiongozi aonyeshe, kwa jinsi anavyouinua mkono kabla ya kuushusha, mwendo wa nota ambazo hazijapigwa bado. Kule kuinua mkono ni kama pumzi aivutayo mwimbaji kabla ya kufungua kinywa: ndani yake mna mwendo, nguvu na tabia ya sauti ijayo. Ndiyo maana husemwa kwamba kiongozi huishi mbele kidogo ya muziki. Afuataye sauti badala ya kuitangulia haongozi kitu.

Sehemu kubwa zaidi ya kazi haionekani na wasikilizaji. Mpigaji wa fidla ana mbele yake mstari wake tu. Kiongozi ana kitabu chenye mistari yote, na katika utungo mkubwa mistari hiyo yaweza kupita ishirini katika ukurasa mmoja. Sharti aisome yote pamoja kama mtu asikilizaye mazungumzo ya watu ishirini kwa wakati mmoja. Tena si kila mstari husema kama ulivyoandikwa: mpiga klarineti ya kawaida aonapo nota ya do katika karatasi yake, sauti itokayo huwa chini ya hiyo kwa hatua moja nzima, na msomaji hana budi kuigeuza kichwani. Baada ya kusoma huja mazoezi. Hapo ndipo huamuliwa ni sauti gani iwe juu ya nyingine, ni wapi mwendo ulegezwe, ni neno gani la mtungaji lisisitizwe. Usiku wa onyesho kiongozi huwakumbusha wapigaji yale waliyokwisha kukubaliana.

Je, yawezekana kufanya bila yeye? Jambo hili limejaribiwa. Mwaka 1922 iliundwa Moscow okestra iitwayo Persimfans, ambayo kwa itikadi ya usawa ilikataa kuwa na kiongozi. Wapigaji waliketi katika duara wakitazamana, wakaendelea hivyo kwa kadiri ya miaka kumi. Huko New York okestra ndogo iitwayo Orpheus, iliyoanzishwa mwaka 1972, imepata sifa kubwa kwa kupiga bila kiongozi. Majaribio haya yameonyesha mambo mawili. Kwanza, wapigaji hodari waweza kwenda pamoja bila kijiti. Pili, kazi ya kuamua haiondoki kwa kumwondoa mtu. Hugawanywa kati ya wengi, na mazoezi huongezeka urefu kwa kuwa kila neno lahitaji shauri. Kwa hiyo kiini cha cheo hiki ni uamuzi na mafundisho, na mkono ni chombo chake.

Kutoka fimbo hata kijiti

Cheo hiki si cha kale kama muziki wenyewe. Katika karne ya 17 na ya 18 aliyeongoza alikuwa mmoja wa wapigaji, ama mwenye kinanda ama mwenye fidla ya kwanza. Aghalabu ndiye pia aliyeutunga muziki. Baadhi yao walipiga sakafu kwa fimbo nzito ili mapigo yasikike. Jean-Baptiste Lully, mkuu wa muziki wa mfalme Louis wa Kumi na Nne wa Ufaransa, aliongoza kwa namna hiyo utungo wa shukrani mnamo Januari 1687, mfalme alipopona ugonjwa; fimbo ikampiga mguuni, jeraha likaoza, naye akafa mwezi wa Machi mwaka huo huo. Kisa hiki husimuliwa mara nyingi kama kichekesho, lakini chaonyesha jambo la maana: hata wakati huo mwongozaji alihesabiwa kuwa mtu wa kutoa sauti.

Haydn alipofika London mwaka 1791 bado aliketi penye kinanda, na Salomon akaongoza kwa fidla. Mpango huo ulifaa okestra ndogo yenye mwendo usiobadilika sana. Katika miaka iliyofuata ala ziliongezeka, mwendo ukawa wa kugeukageuka, na ilidhihirika kwamba mtu hawezi kupiga vyema ala yake na papo hapo kuwatazama wengine wote. Mei 7, 1824, simfoni ya tisa ya Beethoven iliposikika mara ya kwanza huko Vienna, mtungaji alisimama mbele ya okestra akaonyesha mapigo. Lakini alikuwa amekwisha kuwa kiziwi, na wapigaji walikuwa wameagizwa wamtazame Michael Umlauf. Usiku ule, mbele ya macho ya watu, mtungaji na kiongozi waliachana wakawa watu wawili.

Kijiti kilienea katika miaka hiyo hiyo. Louis Spohr aliandika kwamba alikitumia London mwaka 1820, ijapokuwa wachunguzi wamebishana juu ya usahihi wa masimulizi yake. Huko Paris, Habeneck aliongoza kwa upinde wa fidla. Aliyekipa kijiti heshima yake ni Felix Mendelssohn, aliyeshika okestra ya Gewandhaus huko Leipzig mwaka 1835 akiwa na umri wa miaka 26, akawa nayo karibu wakati wote hata alipofariki mwaka 1847. Hata kabla ya hapo, mwaka 1829, akiwa na miaka 20 tu, alikuwa ameongoza huko Berlin utungo mkubwa wa Bach juu ya mateso ya Yesu kwa mujibu wa Mathayo, utungo ambao ulikuwa umekaribia kusahauliwa tangu kufa kwa mtungaji wake mwaka 1750. Tendo hilo lilianzisha kazi mpya ya kiongozi: kuwa mlinzi wa kumbukumbu, anayewafufulia walio hai sauti za waliokufa. Mendelssohn huyo huyo alianzisha chuo cha muziki huko Leipzig mwaka 1843.

Kazi ilipokwisha kusimama peke yake, iliandikiwa vitabu. Berlioz katika miaka ya 1850 alieleza ishara kwa usahihi, mkono uende wapi na kwa pigo gani. Wagner, katika kijitabu alichokitoa mwaka 1869, alisema kwamba kiini cha kazi ni kuupata mwendo ulio sawa, na kwamba mwendo huo haupatikani ila kwa kuielewa lahani. Tofauti ya wawili hawa haijakwisha mpaka leo. Wako viongozi ambao sifa yao ni uwazi wa ishara, na wako ambao ishara zao hazisomeki kwa mgeni, bali okestra hupiga kama kwamba imefunuliwa siri.

Wakuu wa zamani

Hans von Bülow, aliyeshika okestra ya Meiningen kutoka mwaka 1880 hata 1885, alionyesha mazoezi yaweza kuleta nini: wapigaji wake walipiga wamesimama na bila karatasi, kwa moyo. Baada yake okestra ya Berlin, iliyoanzishwa mwaka 1882, ilimpata Arthur Nikisch, akawa nayo tangu 1895 hata 1922. Nikisch alitumia ishara ndogo mno, na waliopiga chini yake walisimulia zaidi habari za macho yake kuliko za mkono wake.

Karne ya 20 ilileta jambo jipya, yaani sahani za santuri na redio, na kwa hizo jina la kiongozi liliweza kufika mahali ambapo okestra yake haikufika kamwe. Arturo Toscanini alikuwa wa kwanza kujulikana kwa namna hiyo ulimwenguni kote. Alianza kwa bahati. Alikuwa mpiga sello katika kundi la opera la Italia lililosafiri mpaka Rio de Janeiro. Na mwezi wa Juni 1886, baada ya kiongozi kuondoka kwa ugomvi na badala yake kuzomewa, kijana huyu wa miaka 19 aliombwa apande jukwaani. Akaongoza opera nzima ya Aida bila kufungua kitabu. Macho yake yalikuwa dhaifu, na tangu siku hiyo aliongoza kwa kumbukumbu. Mwaka 1931 huko Bologna alikataa kupiga wimbo wa chama cha kifashisti, akapigwa na wafuasi wa chama hicho. Mtu huyo huyo aliyewakatalia madhalimu alijulikana kwa ukali wake mazoezini, kwa kuvunja vijiti na kuwatukana wapigaji. Alipofariki mwaka 1957, ukali huo ulikuwa umekwisha kuigwa na wengi waliodhani kwamba ndio siri ya ubora wake.

Wilhelm Furtwängler, aliyemrithi Nikisch mwaka 1922, alikuwa kinyume cha Toscanini karibu kwa kila jambo. Pigo lake lilitetemeka, na mgeni hakuweza kutambua lilipoangukia. Wapigaji wa Berlin walijifunza kusikilizana ili wajue pa kuanzia, na sauti nzito iliyotokana na kusikilizana huko imehifadhiwa katika santuri. Lakini yeye alibaki Ujerumani wakati wote wa utawala wa Hitler, isipokuwa miezi ya mwisho. Baada ya vita akasimamishwa mbele ya baraza la kumchunguza, na hakurudi kuongoza Berlin mpaka mwaka 1947. Tangu hapo swali limebaki wazi kama muziki waweza kutengwa na mkono wa mtawala aliyeulipia.

Herbert von Karajan alishika okestra hiyo hiyo mwaka 1955, akaitawala hata 1989. Mara nyingi aliongoza amefumba macho, akatengeneza santuri nyingi kupita kiasi, na katika miaka yake cheo kilifikia kilele cha mamlaka. Wapigaji wenyewe ndio waliokipunguza. Mwaka 1989 walimchagua kwa kura Claudio Abbado, mtu aliyesema machache mazoezini na ambaye sisitizo lake lilikuwa moja, kwamba kila mpigaji awasikilize wenziwe. Abbado, aliyefariki mwaka 2014, alisaidia kuunda okestra kadhaa za vijana, mojawapo ikiwa ile iitwayo kwa jina la Gustav Mahler, ya mwaka 1986.

Katika safu hii ya wakuu pana majina ambayo kwa muda mrefu hayakuandikwa, kwa sababu watu hao hawakuruhusiwa kufika walipostahili. Dean Dixon, Mwamerika mweusi aliyezaliwa New York mwaka 1915, aliongoza okestra kubwa za mji huo tangu mwaka 1941, lakini hakupewa hata moja iwe yake. Mwaka 1949 alihamia Ulaya, akashika okestra ya Göteborg huko Sweden, na baadaye ile ya redio ya Frankfurt kuanzia 1961 hata 1974. Antonia Brico aliongoza okestra ya Berlin mwaka 1930. Walakini ilikuwa mwaka 2007 ndipo mwanamke, Marin Alsop, aliposhika okestra kubwa ya Marekani, nayo ni ya Baltimore. Kiongozi hatoi sauti, na kwa hiyo hawezi kuthibitisha uwezo wake akiwa peke yake chumbani kama mpiga fidla. Sharti kwanza watu mia moja wakubali kumtazama. Ndiyo sababu mlango huu ulichelewa kufunguka kuliko mingine.

Vijana wa leo

Katika miaka ya karibuni imezuka hofu kwamba okestra kubwa zinakabidhiwa vijana mno. Mfano utajwao zaidi ni Klaus Mäkelä, aliyezaliwa Helsinki mwaka 1996. Alianza kama mpiga sello. Akashika okestra ya Oslo mwaka 2020 na ile ya Paris mwaka 2021. Kisha mwaka 2022 ilitangazwa kwamba ataongoza Concertgebouw ya Amsterdam kuanzia 2027, na mwaka 2024 ikatangazwa kwamba tangu 2027 atashika na Chicago pia. Nyuma yake yuko Tarmo Peltokoski, aliyezaliwa mwaka 2000, na mbele yake kidogo Mirga Gražinytė-Tyla wa Lithuania, aliyezaliwa mwaka 1986 na kushika okestra ya Birmingham tangu 2016 hata 2022.

Historia iliyosimuliwa hapo juu yaonyesha kwamba ujana wenyewe si jambo geni. Mendelssohn alikuwa na miaka 20 huko Berlin, na Toscanini 19 huko Rio. Leonard Bernstein alikuwa na miaka 25 mnamo Novemba 14, 1943, Bruno Walter alipougua ghafla, naye akaongoza okestra ya New York bila ya mazoezi, huku redio ikisikika nchi nzima. Simon Rattle alikuwa na miaka 25 aliposhika Birmingham mwaka 1980. Basi la kuulizwa si umri, bali kijana huyo ametoka mkononi mwa nani, na atakaa na watu wake muda gani.

Kwa swali la kwanza jibu la leo ni jema. Finland ni nchi yenye watu wasiofika milioni sita, nayo imetoa viongozi wengi kupita hesabu yake. Chanzo kimojawapo ni darasa la Jorma Panula, aliyezaliwa mwaka 1930 na kufundisha katika Chuo cha Sibelius tangu 1973 hata 1993, na kwingineko baadaye. Mwanafunzi wake alipewa okestra ya kweli mbele yake tangu mwanzo, akapigwa picha za video, kisha akaketi kujitazama. Panula alisema machache. Kosa lilimwonya mwenye kosa. Esa-Pekka Salonen, Sakari Oramo na Susanna Mälkki walipita hapo, na Mäkelä alimfikia akiwa na miaka 12. Venezuela nako, Gustavo Dudamel, aliyezaliwa mwaka 1981, alikulia katika mpango wa okestra za watoto ulioanzishwa na José Antonio Abreu mwaka 1975. Alikuwa na miaka 18 alipokabidhiwa okestra ya vijana ya taifa, na mwaka 2009 akaingia Los Angeles.

Afrika ina mfano wake. Huko Kinshasa, mwaka 1994, Armand Diangienda, mjukuu wa Simon Kimbangu na aliyekuwa rubani wa ndege, alianzisha okestra ya simfoni ya waumini wa kanisa lao. Ala zilikuwa chache kuliko watu, na fidla moja ilishikwa kwa zamu na wanafunzi kadhaa. Kiongozi hapo hakupewa okestra iliyo tayari. Alilazimika kuwafundisha wapigaji kabla ya kuwaongoza, na yeye mwenyewe kujifunza pamoja nao.

Kwa swali la pili jibu lina wasiwasi. Mendelssohn aliishi Leipzig miongoni mwa wapigaji wake. Rattle alikaa Birmingham miaka 18, na mji mzima ulikua pamoja naye. Kijana wa leo hupewa okestra mbili au tatu katika nchi mbalimbali, hufika, hukaa juma moja, hupanda ndege. Mkono wake waweza kuwa hodari tangu siku ya kwanza, lakini kuwafahamu watu mia kwa majina, kwa pumzi na kwa udhaifu wao hakuna njia ya mkato. Hatari iliyopo ni ya kutawanyika zaidi kuliko ya kutokomaa.

Majina katika Kiswahili

Lugha za Ulaya zenyewe hazikukubaliana juu ya jina la mtu huyu. Wafaransa humwita *chef*, yaani mkuu. Wajerumani wana jina la zamani, *Kapellmeister*, bwana wa wanamuziki wa kanisa au wa jumba la mfalme, na jina jipya, *Dirigent*, mwelekezaji. Waitaliano humwita *direttore* wakitaja kazi yake, lakini wakimwita ana kwa ana husema *maestro*, neno ambalo maana yake ya kila siku ni mwalimu. Kila jina lachagua upande mmoja wa kazi: mamlaka, uelekezaji au mafundisho.

Kwa Kiswahili neno la kwanza la kupimwa ni manju. Makamusi humweleza manju kuwa stadi wa kutunga na kuongoza nyimbo za ngoma. Ni neno la asili na lenye utamu, walakini manju huimba, na aghalabu wimbo ni wake mwenyewe. Anafanana na Lully na Haydn kuliko Toscanini. Kumwita mtu asiyetunga wala kuimba kwa jina hilo ni kumpunguzia manju haki yake. Taarabu nayo haikuacha jina. Katika vikundi vya Unguja, ambavyo cha zamani chao, Ikhwani Safaa, kilianza mwaka 1905, wenye udi, kanuni na fidla kwa desturi hushikamana kwa sikio, na aongozaye huwa yumo miongoni mwa wapigaji. Mahali pasipo na kazi hapana haja ya jina.

Neno la pili ni kiongozi. Katika misafara ya karne ya 19 kiongozi, au kirangozi, alikuwa mtu wa kutangulia mbele na bendera, mwenye kuijua njia na kuwekea wote mwendo. Kufanana kupo, kwa kuwa mwendo wa wengi hutegemea mmoja anayetangulia. Lakini neno hili leo limejaa maana za serikali na vyama, na katika kundi la muziki laweza kumaanisha msimamizi wa mali na safari. Umbo la mwongozaji, lenye kiishio cha -aji kionyeshacho kazi ya kila mara, lapunguza ukubwa wa cheo na kuitaja kazi yenyewe. Mwongozaji wa okestra haeleweki vibaya popote.

Neno la tatu halikuwekwa na kamati yoyote, bali limekwisha kuzaliwa lenyewe. Katika makanisa ya Tanzania na Kenya, mtu asimamaye mbele ya waimbaji akainua mikono huitwa mwalimu wa kwaya. Waumini waliomwita hivyo hawakuwa wakifasiri Kiitaliano. Waliangalia kazi wakaipa jina, wakafika pale pale walipofika Waitaliano kwa *maestro*. Neno hili lina historia ya baharini pia. Katika Bahari ya Hindi neno la Kiarabu *mu'allim* lilitumika kwa mjuzi wa njia za bahari, aliyeelekeza chombo pasipo kuwa mwenye chombo wala mvuta kamba. Na rubani aliyemchukua Vasco da Gama kutoka Malindi mwaka 1498 aliitwa na waandishi wa Kireno Malemo, ambalo ni neno hilo hilo katika masikio ya wageni. Mafundisho na uelekezaji, ambavyo lugha nyingine zimeviachanisha kwa majina mawili, vimekaa pamoja katika moja.

Kwa hiyo yafaa maandishi ya taaluma yaseme mwongozaji wa okestra pale kazi inapotajwa, na mwalimu pale mtu anapoitwa na wale anaowaongoza. Kondakta aachiwe basi lake. Matumizi haya yana faida nyingine ihusuyo vijana. Katika kwaya nyingi mwalimu ni mdogo kwa umri kuliko nusu ya waimbaji wake. Wazee humwamkua kama mtoto wao nje ya mlango, na wakiingia ndani humwita mwalimu na kutazama mkono wake, wala hakuna aliyeona aibu. Desturi hiyo imekwisha kujibu, bila ya kelele, swali linalobishaniwa leo huko Amsterdam na Chicago: mdogo aweza kuwaongoza wakubwa, ikiwa ana la kuwafundisha na ikiwa atarudi tena juma lijalo.